Kinacholia Mgongoni si Mfupa: Dhana Potofu Kuhusu Kairopraktiki

(Mazungumzo ya afya kwa wakazi, yaliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya wadi na vyumba vya kungojea katika vituo vya afya)



Kuna jambo linalofanyika kila siku katika vibanda vya vinyozi. Mteja anamaliza kunyolewa, anapakwa spiriti, anakandwa mabega, kisha kinyozi anamshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, na bila kuuliza anaizungusha shingo kwa ghafla. Inalia upande huu, inalia upande ule. Mteja anacheka, analipa, anaondoka. Wengi huondoka salama. Lakini wakiulizwa ni nini kililia pale shingoni, majibu huwa mengi: mfupa umerudi mahali pake, mshipa umefunguka, uchovu umetoka. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo lililo sahihi.

Siku hizi jambo hili limevuka kibanda cha kinyozi. Simu zimejaa video za wataalamu wa ng'ambo wakiwalaza watu juu ya vitanda maalumu, wakiwavuta na kuwabonyeza mpaka migongo inalia kama kuni kavu zinazovunjwa, na mgonjwa anainuka akitokwa na machozi ya furaha. Kazi hiyo inaitwa kairopraktiki, na Nairobi zipo kliniki zinazoitoa. Vijana wa jimu nao wamejifunza kutoka kwenye simu na wanafanyiana wao kwa wao. Maneno yanayozunguka juu ya tiba hii ni mengi, mengine ya kuisifu kupita kiasi, mengine ya kuiogofya kupita kiasi. Mwenye maumivu ya kiuno anabaki katikati, na ndiye anayeumia.

Ni vizuri kuanza na ilikotoka, kwa sababu dhana nyingi zilizaliwa siku moja na tiba yenyewe. Mwanzilishi wake ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi ya kuponya watu kwa sumaku katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwezi wa Septemba 1895 alimwona Harvey Lillard, msafishaji wa jengo lile lile alimokuwa na ofisi, ambaye kwa miaka mingi hakuwa akisikia vizuri. Palmer alipapasa mgongo wake, akakuta uvimbe, akaubonyeza kwa nguvu, na akatangaza kwamba Lillard amerudi kusikia. Jina la tiba lilitokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la mkono na jingine la kutenda.

Taabu ni hii: neva ya kusikia haipiti mgongoni. Inatoka ndani ya sikio na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo, safari fupi ambayo yote iko ndani ya fuvu. Lakini Palmer alikwisha kuamini kwamba amepata ufunguo wa magonjwa yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1910 aliandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa husababishwa na pingili za uti wa mgongo zilizohama. Kabla ya hapo, mwaka 1906, alikuwa amefungwa jela kwa kutibu watu bila leseni, jambo ambalo lilimwongezea tu sifa kwa wafuasi wake.

Hapo ndipo ilipotoka dhana inayosumbua zaidi, ile ya mfupa uliohama. Mkazi anaambiwa, "Pingili yako imetoka kidogo, tutairudisha." Uti wa mgongo una pingili 24 zinazotembea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Zimefungwa kwa kano ngumu, zimetenganishwa na diski za gegedu, na zimezungukwa na misuli minene. Hazitoki mahali pake kwa sababu mtu amelala vibaya au ameinua mtungi wa maji. Pingili ikihama kweli, kwa mfano katika ajali ya matatu au mtu akianguka kutoka juu ya mwembe, huyo ni mgonjwa wa dharura ambaye huenda asisogeze miguu, na hatakiwi kuguswa ovyo, sembuse kubonyezwa. Anafungwa shingo, analazwa juu ya ubao na kukimbizwa hospitalini. Kwa maneno mengine, mfupa ukiwa umehama hauwezi kurudishwa kwa kubonyezwa, na ukiweza kubonyezwa bila madhara basi haukuwa umehama. Wataalamu wengi wa kairopraktiki wa leo wameiacha lugha hiyo wenyewe, ingawa wengine bado wanaitumia kwa sababu mgonjwa huielewa upesi.

Je, kinacholia ni nini? Kiungo kina ute unaokilainisha, na ndani ya ute huo mna gesi iliyoyeyuka, kama ilivyo kwenye chupa ya soda. Nyuso mbili za kiungo zikivutwa kwa ghafla, shinikizo linashuka na pengo la gesi linatokea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI za vidole vikivutwa mpaka vikalia, wakaliona pengo hilo likitokea sekunde ile ile ya mlio. Ndiyo sababu kidole kilichokwisha kulia hakilii tena papo hapo. Hukaa kama dakika 20 hivi. Mlio basi si dalili ya kupona wala ya kuvunjika. Hata wale wanaowaogofya watoto kwamba kukunja vidole vilie huleta baridi yabisi hawana ushahidi: daktari mmoja wa California, Donald Unger, aliliza vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, na mwishoni mikono yote miwili ilikuwa sawa. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel kwa subira hiyo.

Picha za hospitali nazo zina dhana yake. Mtu anapigwa eksirei au MRI, anaambiwa diski imechakaa, na kutoka siku hiyo anajiona mlemavu. Anaacha shamba, anaacha kubeba mtoto, analala. Mwaka 2015 zilichapishwa hesabu zilizokusanywa kutoka kwa watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa kwenye picha. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hawa wote walikuwa wakitembea bila kuumwa. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi. Kwa hiyo mtu akionyeshwa picha yake na kuambiwa kwamba asiponyooshwa mara 30 atakuwa kiwete, aulize maswali kabla ya kulipa.

Pamoja na hayo yote, si haki kuitupa kairopraktiki nzima. Dhana kwamba ni uganga mtupu nayo ni potofu. Marekani jimbo la mwisho kuipa leseni lilikuwa Louisiana, mwaka 1974. Mwaka 1987 mahakama ya huko iliamua kwamba chama kikuu cha madaktari kilivunja sheria kwa kuwasusia wataalamu hao na kuwakataza madaktari kushirikiana nao. Barani Afrika, nchi ya Afrika Kusini huwafundisha katika vyuo vikuu viwili, kimoja Durban na kingine Johannesburg. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, lilitaja masomo yasiyopungua saa 4,200, na kati ya hizo saa 1,000 ziwe za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Mtu aliyepita huko si sawa na kijana aliyetazama video tatu. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mkazi hana budi kuishika.

Na kwa maumivu ya kiuno, kunyoosha mgongo kwa mikono kunasaidia kiasi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilikuweka katika orodha ya mambo ya kujaribu kabla ya dawa, pamoja na joto, kukandwa na mazoezi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya kiuno yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, na humo pia kunyoosha mgongo kumetajwa kuwa njia mojawapo inayoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Neno "kiasi" lisisahaulike. Nafuu inayopatikana hulingana na ile ya mazoezi yanayofundishwa vizuri na fiziotherapia, wala haiwi ule muujiza wa kwenye video. Mwongozo huo huo uliwashauri wahudumu wasitumie kwa kawaida mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo na dawa kali za jamii ya mofini. Mikanda hiyo huuzwa sokoni kila siku kwa bei ya kumtoa mtu jasho.

Maumivu haya si ya wachache. Kwa hesabu za shirika hilo, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na takribani wagonjwa 9 kati ya 10 hawana ugonjwa maalumu unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mwendeshaji wa boda boda anayekaa kutwa kwenye kiti kinachoruka mashimo, mama anayepalilia akiwa ameinama tangu alfajiri, karani asiyeinuka mezani, wote wamo. Wengi wao hupata nafuu katika wiki chache wakiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani wiki nzima, ushauri waliokuwa wakipewa wazee wetu, humfanya mtu achelewe kupona.

Kutoka hapo tiba ikivuka kiuno na kwenda kwenye pumu, kisukari, shinikizo la damu, utasa, kukojoa kitandani au mtoto mchanga anayelia usiku, hakuna ushahidi wa kuisimamisha. Uingereza jambo hili lilifika mahakamani. Mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika mwaka 2008 katika gazeti la The Guardian kwamba hakuna uthibitisho wa madai ya kutibu watoto wenye pumu, masikio na tumbo la kusokota. Chama cha wataalamu wa kairopraktiki cha huko kilimshtaki kwa kumchafulia jina. Kesi ilidumu miaka miwili, na Aprili 2010 baada ya mahakama ya rufaa kuamua upande wake, chama kiliiondoa. Kesi hiyo ni moja ya sababu sheria ya kashfa ya Uingereza ilibadilishwa mwaka 2013. Australia nako, mwezi wa Machi 2019, bodi inayowasimamia wataalamu hao iliwataka wasimamishe kuwanyoosha migongo watoto wa chini ya miaka 2 wakati ushahidi unachunguzwa. Mzazi wa hapa asiruhusu mtoto mchanga abonyezwe au azungushwe shingo na mtu yeyote. Mtoto anayelia bila kunyamaza, anayekataa kunyonya au mwenye homa, apelekwe kituo cha afya.

Na mgonjwa wa kisukari au wa presha asiache dawa kwa sababu ameambiwa mgongo ukinyooka sukari itashuka.

Sasa turudi shingoni, kwa kinyozi. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu, mmoja kila upande, inayopanda kwenda nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, na bonge likaenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Jambo hili ni nadra. Mwaka 2014 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo na kueleza kwamba uhusiano upo, ingawa haijathibitishwa kwamba kuzungushwa ndiko kulikosababisha kila mara. Wengine huenda walikwenda kunyooshwa kwa kuwa shingo ilikuwa inauma, na iliuma kwa kuwa mshipa ulikuwa umekwisha kuanza kuchanika. Mtaalamu aliyesoma anajua kuuliza habari hizo kabla ya kugusa. Kinyozi hajui, na si kosa lake, hiyo si kazi yake. Mteja ana haki ya kumwambia mapema kwamba shingo isiguswe. Na mtu ambaye baada ya kuzungushwa shingo anaumwa kichwa au shingo kwa namna asiyoijua, anaona vitu viwili viwili, ulimi unakuwa mzito, anapepesuka au upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Lakini hatari kubwa zaidi kwa wakazi wa nchi hii haiko shingoni. Iko katika muda unaopotea.

Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Wengi wanakijua kama ugonjwa wa mapafu na kikohozi. Wachache wanajua kwamba kinaweza kukaa kwenye mifupa, na mfupa kinaoupenda ni uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, na bado ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Chukulia mama wa miaka 40 anayeuza mboga. Mgongo unamuuma kwa miezi mitatu, mahali pamoja, na usiku ni zaidi. Hakohoi. Amepungua, lakini anasema ni kazi. Anakwenda kwa mkandaji, anakandwa kwa mafuta, anapata nafuu siku mbili. Anarudi. Mara ya tatu anabonyezwa kwa goti. Wakati huo wote vijidudu vinaila pingili taratibu kutoka ndani, na mfupa uliolika hauna nguvu ya kuhimili kubonyezwa. Pingili inaporomoka, kinundu kinatokea mgongoni, na miguu inaanza kulegea. Akifika hospitali kabla ya hapo, ni vidonge. Matibabu ya kifua kikuu cha mifupa ni marefu kuliko ya mapafu, mara nyingi mwaka mzima, lakini dawa zake ni za bure katika hospitali za umma na wengi hupona wakitembea. Akifika baada ya hapo, huenda ikawa upasuaji, au kiti cha magurudumu.

Si kifua kikuu peke yake. Anayekunywa maziwa mabichi na ana homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno, apimwe brusela. Mwanamume mzee ambaye mgongo umeanza kuuma bila sababu anaweza kuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa mpaka kwenye mifupa, na mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi vilevile. Mama aliyekoma hedhi, au mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, mifupa yake inaweza kuwa myepesi kiasi cha kuvunjika kwa kubonyezwa tu. Hawa wote hawafai kuguswa na mkandaji, kinyozi wala mtaalamu wa kairopraktiki kabla ya kupimwa.

Ndugu wananchi, dalili za kukumbukwa si nyingi: maumivu yanayozidi usiku na hayapungui mtu akilala, kupungua uzito, homa au jasho la usiku, kinundu kilichotokea mgongoni, maumivu baada ya ajali au kuanguka, na miguu inayolegea. Mwenye mojawapo aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Wa ajali na wa miguu iliyolegea waende siku hiyo hiyo. Moja imezidi zote kwa haraka: mtu mwenye maumivu ya kiuno ambaye sehemu za siri na makalio zimekufa ganzi, au mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila yeye kujua. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na saa zinahesabika. Wengi huona haya kulisema. Afisa wa kliniki ameyasikia mengi kuliko hayo, na mgonjwa amwambie bila kuzunguka.

Kwa maumivu ya kawaida, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kumwelekeza mkazi. Atakayehitaji fiziotherapia atapewa barua ya kwenda hospitali iliyo na kitengo hicho. Wataalamu wa fiziotherapia wana baraza lao lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kila mmoja anatakiwa kuwa na leseni anayoweza kuionyesha.

Anayeamua kwenda kliniki ya kairopraktiki kwa fedha zake, aulize mambo machache kabla ya kulala kitandani. Amesomea wapi na kwa miaka mingapi? Anasimamiwa na nani? Ataniuliza historia yangu na kunipima nguvu za miguu kabla ya kunibonyeza? Na baada ya wiki ngapi tutasema haisaidii na kuacha? Mtaalamu mzuri hujibu bila kukasirika. Anayedai malipo ya vikao 30 kwa mpigo siku ya kwanza, anayeahidi kuponya kisukari, au anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, mgonjwa achukue kitambulisho chake na eksirei zake arudi nyumbani. Eksirei ni mali ya mgonjwa, na kituo kitakachofuata kitazihitaji.